Somo la 7: Kiti na Mgongo wa Mtoto

Mtoto akitoka shuleni anajishika kiuno, wazazi husema, "Ni mvivu." Mara nyingi si uvivu. Ni kiti.

MGONGO. Mgongo si mfupa mmoja. Ni mifupa midogo, ndiyo pingili, iliyopangwa moja juu ya nyingine. Kati yao kuna mito laini inayochukua uzito wa mwili. Katika miaka ya 1960 daktari Alf Nachemson wa Sweden alipima mgandamizo ndani ya mito hiyo kwa sindano. Aliona kwamba mtu akiketi na kuinama mbele, mito hubanwa kuliko akisimama wima. Mtoto anayeandika juu ya meza fupi huketi hivyo saa nyingi.

BENCHI LA KIPIMO KIMOJA. Mabenchi yakiwa sawa yote, mtoto mdogo miguu yake inaning'inia, na ukingo wa ubao unambana mapaja mpaka anaona ganzi. Mkubwa naye anapinda mgongo.

NAMNA YA KUPIMA. Seremala awapime watoto kwanza, ndipo akate mbao.

1. Kimo cha kiti: toka unyayo mpaka nyuma ya goti. Nyayo zote mbili zikanyage chini.
2. Mtoto akiegemea, vidole vitatu vipite kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti.
3. Egemeo lishike mgongo penye kiuno.
4. Meza iwe sawa na kiwiko, mtoto akiketi wima na kukunja mkono.

Kama hakuna mbao mpya, weka ubao ao matofali chini ya miguu ya wadogo. Tena, hata kiti kizuri huchosha. Kila nusu saa mwalimu awasimamishe watoto, wajinyoshe.

ANGALIA SANA! Uchovu wa kiti huisha mtoto akipumzika na kucheza. Lakini kama maumivu yanaendelea hata usiku, ao mtoto ana homa, anakonda, mgongo unatokeza nundu, ao miguu inalegea, usiseme, "Ni benchi." Pengine ni kifua kikuu cha mifupa ya mgongo. Dawa yake iko, lakini ukikawia, miguu yaweza kupooza. Umpeleke hospitali upesi.

MAULIZO
1. Kimo cha kiti kinapimwa toka wapi mpaka wapi?
2. Utamsaidia namna gani mtoto ambaye miguu yake haifiki chini?
3. Dalili gani zinaonyesha kwamba kosa si la kiti?