Maslaha kwa Maslahi ya Nani?

Barua ni nyingi, nami nimechagua zilizoninyima usingizi. Sitaeleza ubakaji ni nini wala kwa nini ni kosa. Anayehitaji kuelezwa hilo hahitaji wakili. Kazi yangu ya uwakili iko hapa Garissa, na kesi zangu nyingi huvunjwa kabla hazijafika kortini, juu ya mkeka uliotandikwa chini ya mti, kwenye kikao cha wazee kiitwacho maslaha.

Wazee wamekaa, ngamia wamekubaliwa, Fatiha imesomwa. Kwa nini polisi bado wanamsaka mdogo wangu?

(Barua sita, kutoka Dadaab hadi Masalani, zimeuliza hivi kwa maneno tofauti. Nazijibu pamoja.)

Kwa sababu kesi ya jinai ni ya Jamhuri, na Jamhuri haikualikwa mkekani. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 kilimwachia Mwanasheria Mkuu peke yake uamuzi wa kusitisha kesi kama hii, na tangu Katiba ya 2010 mamlaka hayo yako kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Chifu hana. Mkuu wa kituo cha polisi (OCS) hana. Baba wa msichana pia hana.

Najua mtanisomea ibara ya 159 ya Katiba, inayotambua usuluhishi wa jadi. Kila anayenisomea huishia kifungu kidogo cha pili. Endeleeni hadi cha tatu: usuluhishi huo hauruhusiwi kukiuka Sheria ya Haki wala kwenda kinyume na uadilifu. Kisha someni adhabu katika Sheria ya Makosa ya Kingono. Aliyemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini ni kifungo cha maisha. Mtoto wa miaka 12 hadi 15, si chini ya miaka 20. Aliyefika 16 na hajatimiza 18, si chini ya miaka 15. Hakuna mahali palipotajwa ngamia.

Ila tusidanganyane. Mara nyingi mdogo wako atapona, kwa sababu msichana atapelekwa kwa jamaa ng'ambo ya mpaka, mama yake ataambiwa anyamaze, na mashahidi wote watapata usahaulifu wiki moja. Hakimu ataachiwa faili lisilo na mtu. Hiyo ndiyo maana ya "kesi imekwisha" hapa kwetu.

Wakili, maslaha ni sharia. Mbona unapigana na dini yako?

Swali hili nimeulizwa msikitini, sokoni, hata kwenye matanga. Leo nalijibu kwa urefu, na atakayechoka aruke.

Kinachofanyika chini ya mti kinaitwa xeer, mapatano ya koo za Kisomali. Lengo lake ni kuzuia damu isilete damu nyingine. Kundi la ukoo hulipa kwa pamoja, kundi lingine hupokea kwa pamoja, na hesabu hufungwa. Ni mfumo wenye akili kwa watu waliokuwa wakihama na mifugo bila polisi wala jela. Lakini umevalishwa kanzu, na sasa anayeukosoa anaonekana kaukosoa Uislamu.

Tuivue hiyo kanzu. Diya katika fiqhi ni fidia ya kuua na kujeruhi, na haki yake ni ya aliyejeruhiwa au warithi wa aliyeuawa. Ni wao wanaosamehe. Niambieni: katika maslaha ya ubakaji, nani alimuuliza msichana kama amesamehe? Mara ya mwisho kuhesabu mgao wa namna hiyo, sehemu ilikwenda kwa baba, sehemu kwa ami zake, sehemu kwa "nauli ya wazee". Mwenye jeraha alipata dera jipya.

Wanaopenda hadithi nawapa moja, iko kwa Bukhari na Muslim, na maalim yeyote wa Garissa anaijua. Kijana aliyekuwa kibarua nyumbani kwa mtu alizini na mke wa mwajiri wake. Baba wa kijana, kwa hofu ya adhabu, akamlipa mume kondoo 100 na kijakazi ili mambo yaishe. Wakaja mbele ya Mtume, rehema na amani zimshukie. Je, aliwapongeza kwa kupatana? Aliamuru kondoo na kijakazi warudishwe kwa mwenyewe, na adhabu ikabaki palepale. Na hilo lilikuwa kosa la watu wawili walioridhiana. Ikiwa mifugo ilirudishwa pale, sembuse kwa mtoto aliyeburutwa kichakani akienda kuteka maji?

Mahakama ya Kadhi nayo isisingiziwe. Ibara ya 170 ya Katiba imeipa hali ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi. Kadhi hana mamlaka ya kuhukumu ubakaji, na makadhi ninaowajua hawayataki.

Wala si sisi peke yetu. Wapashtun wa Pakistan na Afghanistan wana jirga, baraza la wazee linalofanana na letu kama pacha. Huko, ukoo uliomwaga damu huweza kutoa msichana aolewe upande wa pili. Pakistan desturi hiyo huitwa swara. Wasomali wa zamani waliita yao godobreeb, kufuta kinyongo. Wapashtun nao waliambiwa miaka na miaka kwamba hivyo ndivyo dini ilivyo. Mwaka 2021 Mahakama ya Sharia ya Shirikisho ya Pakistan, mahakama iliyoundwa kupima sheria kwa Qur'ani na Sunna, ilitamka kuwa swara ni kinyume cha Uislamu. Mlitaka fatwa ya wasomi? Hiyo hapo.

Kijana yuko tayari kumuoa. Si aibu itafunikwa?

Aibu ya nani? Khansa bint Khidam aliozwa na baba yake bila ridhaa, akaenda kulalamika kwa Mtume, na ndoa ikavunjwa. Hata hakuwa amebakwa. Kwa upande wa serikali, sheria za watoto zinakataza kumuoza aliye chini ya miaka 18, awe wa dini yoyote. Unachokiita kufunika aibu ni kumkabidhi mtoto kwa aliyemharibu, kila usiku, kwa baraka zako.

Binti yangu alivamiwa jana jioni. Shangazi yake amemuogesha na kufua nguo, na kuna mama jirani mwenye dawa ya "kusafisha tumbo". Twende wapi?

Hospitali, sasa hivi, soma mengine ukiwa njiani. Dawa ya kuzuia virusi vya HIV hufanya kazi ikianzwa ndani ya saa 72. Ya kuzuia mimba ina hadi saa 120, lakini kila saa inayopita inaipunguzia nguvu. Nguo ambazo hazijafuliwa zitie kwenye bahasha ya kaki, usizitie kwenye karatasi ya plastiki, zitaoza na ushahidi utaoza nazo. Ameshaoga? Mpeleke vivyo hivyo. Wengine hukata tamaa hapo bila sababu.

Na uvumi huu ufe leo: hospitali haingojei P3, fomu ya polisi, ndipo imtibu mtoto. Matibabu kwanza, P3 baadaye, na fomu hiyo ni ya bure. Anayekudai pesa anakuibia. Huyo mama jirani na majani yake mwambie akae nayo. Nimeona msichana aliyepoteza siku nne akinyweshwa mizizi.

Usipopata wa kukusaidia, piga 1195, au 116 kwa mtoto. Hakuna malipo.

Mkato mdogo wa sunna, ukifanywa na nesi kwa ganzi, unaruhusiwa?

Hapana, sheria ya 2011 inayokataza ukeketaji inamfunga nesi sawasawa na ngariba, na wewe uliyempeleka mtoto pia.

Unatutuma kwa serikali. Serikali gani? Ile ya Wagalla?

Barua hii haikuwa na jina, na ndiyo niliyoisoma mara nyingi zaidi. Mwandishi wake namheshimu.

Ni kweli. Vita vya Shifta, vya Wasomali waliotaka kujitenga na Kenya, vilianza 1963, na sheria za hali ya hatari zilibaki shingoni mwetu hadi 1991. Novemba 1980 mitaa ya Garissa ilichomwa moto. Februari 1984 wanaume wa Degodia walikusanywa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, na wengi hawakurudi. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika hayo katika ripoti yake ya 2013, pamoja na wanawake waliobakwa na askari. Basi mama wa Wajir akiogopa kuingia kituoni, si ujinga. Mimi mwenyewe nilimsindikiza msichana kwenye kituo kimoja ambacho sitakitaja, askari wa zamu akamwambia aende wakamalizane nyumbani. Alikuwa na damu kwenye buibui.

Lakini fikiri. Wanawake waliobakwa na askari walinyimwa haki na serikali. Binti wa leo ananyimwa na ukoo wake, kisha ukoo unaitaja Wagalla kama udhuru. Machungu ya wale hayakuwekwa akiba ili wavamizi wetu wajifiche nyuma yake. Serikali tuikabe itupe askari wa kike, mahakama zinazotembea hadi Hulugho, na ulinzi kwa mashahidi. Kuikaba huanza kwa kupeleka malalamiko na kudai nambari ya OB, kitabu cha matukio cha kituo.

Mwanamke ana kazi gani kwenye mkutano wa wazee?

Waulizeni Wajir. Koo zilipouana mwanzoni mwa miaka ya 1990 na wanawake wakaanza kukataana hata sokoni, ni wanawake waliokutana 1993, akiwemo Dekha Ibrahim Abdi, wakakubaliana kuuziana na kulinda soko. Kutoka sokoni walikwenda kwa wazee, na wazee walikaa. Dekha alipewa Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007.

Sidharau wazee. Azimio la Modogashe la 2001, kuhusu malisho, wizi wa mifugo na silaha, limeokoa roho za watu. Visima na malisho ni vyao. Mwili wa msichana si kisima.

Nilikuwa mmoja wa wazee tisa. Nilipewa shilingi elfu tano, nimezitumia nusu. Sasa silali. Nifanye nini?

Zitimize, mzee wangu, uzirudishe. Kondoo nao walirudishwa. Kisha nenda kituoni uandikishe ulichosikia chini ya ule mti. Ukiogopa kwenda peke yako, nitumie salamu, nitakuja na gari.