Insha ya Kulinganisha: Kompyuta Ghali au Nyepesi ya Bei Nafuu?

Mtahiniwa, swali likikutaka ulinganishe vitu viwili, usisifie kila kimoja kivyake. Ukiandika kwamba hii ina nguvu na ile ina bei nafuu, umetaja tu, hujalinganisha. Chagua vigezo, kisha pima vitu vyote viwili kwa kila kigezo.

Swali: Mzazi wako, mkulima wa Kisaki mkoani Morogoro, ameuza ufuta na anataka kukununulia kompyuta mpakato ya kutumia chuoni. Mshauri achague ipi: ghali yenye uwezo mkubwa, au nyepesi ya bei nafuu?

Kigezo cha 1: Kazi. Kuandika, kusoma na kupiga hesabu kwenye majedwali kunawezekana kwa zote mbili. Ile ghali hushinda katika kuhariri video na kuchora michoro ya majengo. Anayetaka kutengeneza filamu za wanyama wa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyo jirani na Kisaki, ana sababu ya kuitaka.

Kigezo cha 2: Umeme. Gawanya ujazo wa betri kwa wati zinazotumika. Betri ya wati-saa 50 kwenye kompyuta inayotumia wati 10 hudumu saa 5. Betri ya wati-saa 75 kwenye kompyuta inayotumia wati 25 hudumu saa 3 tu. Kumbe betri kubwa si lazima idumu zaidi! Umeme ukikatika, au nyumbani mkitegemea sola, tofauti hiyo utaiona.

Kigezo cha 3: Safari na uimara. Iwe ni gari la Morogoro mjini au treni ya TAZARA ya Dar es Salaam, kilo 1.2 begani si sawa na kilo 2.5. Hata hivyo, usifiche udhaifu wa nyepesi: nyingi haziruhusu kuongezewa kumbukumbu baadaye. Mshauri mzazi anunue yenye GB 8 tangu mwanzo, na aulize dhamana kabla ya kulipa.

Hitimisho. Toa uamuzi, usiishie kusema zote ni nzuri. Kwa mfano: "Baba, kwa kuwa nitasomea ualimu, nyepesi inanitosha. Fedha itakayobaki itasaidia ada na nauli. Mtu hujikuna ajipatapo." Uamuzi huu unakubalika kwa sababu umetokana na vigezo, wala si kwa sababu kitu cha bei nafuu ni bora siku zote.

Zoezi
1. Taja kigezo kimoja ambacho hakikutumika hapo juu, kisha pima kompyuta zote mbili kwa kigezo hicho.
2. Umechaguliwa kusomea usanifu wa majengo. Je, uamuzi utabadilika? Andika hitimisho jipya kwa maneno yasiyozidi 60.