Wenzangu wa Ruiru wananiachia kazi yote

Ninasomea stashahada ya uhasibu katika chuo kimoja hapa Thika. Mhadhiri alitupanga watu watano tufanye kazi ya kundi yenye alama za muhula. Tunakutana kwangu Makongeni saa kumi na mbili jioni, lakini watatu wanaoishi Ruiru hawaji. Nikiwauliza kwenye WhatsApp wananijibu, “Andika tu, tutasoma.” Karibu kazi yote nimeiandika mimi. Nataka kumwomba mhadhiri anitoe niwasilishe yangu peke yangu. Nifanyeje?
Kupitia SMS

Uchungu wako nauelewa. Kukesha ukiandika huku wenzako wakisubiri alama za bure ni dhuluma. Lakini usijitoe kwanza.

Jioni ndipo nauli za matatu hupanda, na mvua ikinyesha huzidi. Anayetoka kwako saa mbili usiku atafika Kimbo, kule Ruiru, saa ngapi, tena kwa pesa zipi? Umewahi kuwauliza? Hamishieni mikutano chuoni, mchana, siku ambayo nyote mna vipindi. Atakayekosa hapo hana kisingizio.

Kisha gawaneni kazi kwa maandishi, kila sehemu na jina la mwenyewe. Mwaka wa 1913, Mfaransa Max Ringelmann alichapisha matokeo ya majaribio yake ya kuvuta kamba: watu walipoongezeka, nguvu za kila mmoja zilipungua. Ndivyo binadamu tulivyo, wa Ruiru na wa Thika, pale ambapo mchango wa mtu hauonekani.

Na huo upweke unaoutamani una hasara. Miaka ya sabini, mtafiti Uri Treisman alichunguza kwa nini wanafunzi wengi weusi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walifeli hisabati ilhali walikuwa na bidii. Aliona kwamba walijifungia kusoma peke yao. Wenzao wenye asili ya China walijaribu maswali kila mtu kivyake, halafu wakakutana kukosoana. Fuateni utaratibu huo huo. Mizania yako isipolingana, mwenzako ataona tarakimu uliyoiruka kabla mhadhiri hajaiona. Hiyo kazi uliyoandika yote, nani amekukagulia?

Zungumza nao wiki hii, bila matusi. Atakayekaidi mpango mpya, mpelekee mhadhiri ile karatasi ya mgawanyo aone ni nani hajaleta chochote. Hapo omba jina la mzembe liondolewe, si lako.