Joto la Ardhi Lipimwavyo Kutoka Angani: Somo kwa Wakazi wa Kata

Mkulima anayeshika udongo wa shamba lake saa saba mchana wa kiangazi hahitaji kuambiwa kwamba ardhi ina joto. Hata hivyo, wilaya yenye vijiji vingi haiwezi kupimwa kwa kiganja. Ndiyo sababu ramani zitokanazo na picha za setilaiti hutumika katika kupanga upandaji wa miti, matumizi bora ya ardhi na tathmini ya ukame. Ramani hizo zinapowekwa mbele ya mkutano wa kijiji, mkazi anayejua zilivyopatikana huweza kuzihoji na kuzitumia. Asiyejua huziamini zote au huzikataa zote.

Setilaiti zinazotumika

Mfano mzuri ni Landsat 8, iliyorushwa na Marekani mwezi Februari 2013, na Landsat 9, iliyofuata Septemba 2021. Huzunguka dunia zikiwa kilomita 705 juu ya ardhi. Kila moja hurudi juu ya eneo lilelile baada ya siku 16, na kwa kuwa hupokezana, eneo hupigwa picha kila baada ya siku 8, majira ya saa nne asubuhi. Picha za mfululizo wa Landsat hutolewa bila malipo tangu mwaka 2008.

Kipimo cha kwanza: nuru inayoakisiwa

Mwanga wa jua ukiangukia ardhi, sehemu humezwa na sehemu huakisiwa. Jani bichi humeza mwanga mwekundu ili kujitengenezea chakula, lakini huakisi kwa wingi mionzi ya infraredi ya karibu, ambayo jicho halioni. Udongo mtupu hauna tofauti kubwa kiasi hicho. Kutokana na tabia hiyo hupatikana kipimo cha uoto: infraredi hutolewa nyekundu, kisha jibu hugawanywa kwa jumla ya zote mbili.

Chukulia shamba la mahindi linaloakisi asilimia 8 ya mwanga mwekundu na asilimia 40 ya infraredi. Tofauti ni 32, jumla ni 48, na kipimo ni takriban 0.67. Udongo unaoakisi asilimia 20 na 28 hupata tofauti ya 8 kwa jumla ya 48, yaani takriban 0.17. Kadiri uoto unavyostawi, ndivyo namba inavyopanda.

Kipimo cha pili: joto linalotoka ardhini

Ardhi nayo hutoa mionzi yake ya joto, usiku na mchana. Vihisi vya setilaiti hupokea mionzi hiyo, kisha hesabu hufanywa ili kuondoa athari ya unyevu wa hewa na kuzingatia aina ya uso uliopimwa. Matokeo ni joto la uso wa ardhi, ambalo si sawa na joto linalotangazwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa. Mamlaka hupima hewa iliyo kivulini, takriban kimo cha kifua cha mtu. Mchana wa jua kali, udongo mtupu huweza kuwa na joto kubwa kuliko hewa hiyo kwa nyuzi nyingi, ilhali chini ya miti hali ni tofauti.

Faida kubwa ya vipimo hivi viwili ni kusomwa pamoja. Mmea wenye maji hujipoza kwa kutoa mvuke kupitia majani. Maji yakipungua, hufunga vitundu vyake na joto lake hupanda, hata kabla rangi ya majani haijabadilika. Hivyo shamba lililo kijani lakini lenye joto lisilo la kawaida huweza kuwa limeanza kuathirika na ukame.

Mahali ramani inapoweza kukosea

Kwanza, mawingu huzuia vipimo vyote viwili, na majira ya masika huweza kupita wiki nyingi bila picha safi. Pili, kipimo cha joto cha Landsat huchukua eneo la mita 100 kwa mita 100, yaani ekari mbili na nusu. Shamba la ekari moja huchanganywa na shamba la jirani, njia na kichaka. Tatu, magugu nayo ni kijani. Setilaiti huweza kuona uoto mzuri mahali ambapo hakuna cha kuvuna. Nne, bati jipya linalong'aa hutoa mionzi michache ya joto, hivyo huweza kuonekana la baridi angani wakati waliomo ndani ya nyumba wanatokwa jasho.

Wajibu wa wakazi

Kitongoji kinaweza kuachwa nje ya mpango kwa sababu ramani imekionyesha kuwa cha kijani, au cha baridi. Kinga ya kosa hilo ni ushahidi wa ardhini. Mkazi anayeandika tarehe ya kupanda, siku mvua ilipokatika, siku mahindi yaliponyauka na magunia aliyovuna huwa na kumbukumbu inayoweza kulinganishwa na picha ya siku hizo. Kumbukumbu hizo zipelekwe kwa afisa ugani au mtendaji wa kijiji kabla uamuzi haujafikiwa. Setilaiti huona eneo pana. Mwenye shamba hujua kilichoota humo.