TUJIFUNZE: Semi za Mvua na Mahali Zilipozaliwa

Wazee wetu walisema kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Usemi huu unajulikana kote kunakozungumzwa Kiswahili, lakini uzito wake haulingani kila mahali. Bukoba, kandokando ya Ziwa Victoria, hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Dodoma hupata takriban 600. Wingu zito likitanda Bukoba, aliyeanika kahawa huianua mara moja. Likitanda Dodoma, mkulima hulitazama kwanza, kwa kuwa amekwisha kuona mengi yakipita bila kudondosha tone. Maneno ni yale yale. Anga ndilo lililo tofauti.

Somo la toleo hili ni moja: usemi wa hali ya hewa ni ujuzi wa mahali. Anayehama nao bila kuupima huweza kupoteza mbegu, na pamoja na mbegu, chakula cha mwaka mzima.

Masika ni lini?

Katika mikoa ya Tanga, Pwani, Kilimanjaro na sehemu kubwa ya Kanda ya Ziwa, mvua huja mara mbili kwa mwaka: vuli, Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei. Katika mikoa ya Dodoma, Iringa, Mbeya, Ruvuma na Mtwara, mvua huja mara moja, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Huko watu wengi huuita msimu huo wote masika.

Sababu ni kwamba ukanda wa mvua hulifuata jua. Jua linapoelekea kusini na linaporudi, ukanda huo hupita kaskazini mwa nchi mara mbili. Mwezi Januari huwa umetulia kusini. Ndiyo maana mkazi wa Tanga huwa katika kiangazi wakati mkazi wa Songea anapalilia matopeni.

Mkoa wetu wa Morogoro umebeba hali zote mbili. Kaskazini mwake hupata vuli na masika. Sisi tulio kusini hupata msimu mmoja.

Sasa tuipime methali isemayo kuwa hakuna masika yasiyo na mbu. Mtu wa Tanga akiisikia, huandaa chandarua mwezi Machi. Akihamia kwetu na kuusubiri mwezi huo huo, atakuwa amekwisha kuumwa na mbu miezi mitatu. Shambani hasara ni kubwa zaidi. Mpunga unaohitaji takriban miezi minne, ukipandwa Machi kwa kungoja masika ya kwao, hukutwa na kiangazi kabla haujakomaa.

Kaskazi na kusi

Pwani, kaskazi ni upepo unaovuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, ambao tangu kale ulileta majahazi kutoka Arabuni. Kusi huvuma takriban kuanzia Aprili hadi Septemba na kuyarudisha. Mpwani akisema kaskazi imeingia, husema pia kuwa joto limefika. Kwetu sisi wa bara, miezi hiyo hiyo ni ya mvua, na kaskazi ni upande wa dunia tu.

Vilevile wazee wa pwani huhesabu siku za mwaka kwa miongo, kila mwongo siku kumi, kuanzia Siku ya Mwaka, ambayo wenyeji wa Makunduchi, Unguja, huiadhimisha mwezi Julai kwa Mwaka Kogwa. Hesabu hiyo ni elimu kubwa kwa baharia na mkulima wa huko. Haikutungwa kwa ajili ya bonde letu.

Tufanye nini?

Kata zetu zina wenyeji na ndugu waliohamia kutoka mikoa mingi, na kila mmoja amekuja na semi zake. Tusizidharau, ila tuzipime kwa njia tatu.

Kwanza, msikiapo usemi wa mvua, ulizeni: ulizaliwa wapi, na huko mvua hunyesha mara ngapi kwa mwaka?

Pili, sikilizeni utabiri unaowahusu. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa Vuli, wa Masika na wa Msimu, kila mmoja kwa wakati wake. Wa kwetu ni ule wa Msimu, wa Novemba hadi Aprili. Redio ikitangaza kuanza kwa masika mwezi Machi, tangazo hilo ni la wenzetu wa kaskazini.

Tatu, kila kaya iandike katika daftari tarehe ya mvua ya kwanza, tarehe ya kupanda na siku ambazo mvua ilikatika. Baada ya miaka michache, daftari hilo litaonyesha ni semi zipi zinazosema kweli katika kata yetu.

Kabla ya kupanda, onaneni na Afisa Ugani wa kata au kijiji chenu. Huduma hiyo hutolewa bila malipo. Njooni na daftari, na mkiweza, njooni na mzee mmoja anayelijua anga la hapa.