Jua la Kariakoo na Nyuso Nyeusi

SWALI: Mwanafunzi wa upigaji picha anauliza kwa nini picha zake za mchana Mtaa wa Kongo, Kariakoo, zina anga jeupe na nyuso nyeusi. Je, kompyuta itaziokoa?

JIBU: Dar es Salaam iko karibu na ikweta, saa sita mchana jua huwa utosini, na mwavuli wa mmachinga hutupa kivuli kizito usoni. Juani aanze na ISO 100, f/16 na kasi ya 1/100. Chini ya mwavuli, afungue lenzi hadi f/4.

Apige kwa RAW, si JPEG. Kwenye kompyuta, programu ya Lightroom itainua vivuli, ila anga lililoungua kabisa halirudi.

Soko la samaki Feri, saa moja asubuhi, lina mwanga mpole zaidi. Aombe ruhusa kwanza.