Dini za Watu Huhesabiwaje?



Katika midahalo ya shule mara nyingi mmoja husimama akasema, "Watu wa dini yetu ndio wengi katika nchi," na mwenzake humjibu kwa namba nyingine. Kila mmoja hushika namba yake kama ngao, lakini ni wachache waulizao ilipatikana kwa njia gani. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita katika shule ya misioni hapa Uganda. Nimeona yafaa niwaeleze kwa ufupi jinsi dini za watu wa taifa zima zinavyopimwa, ili tusidanganywe na namba, wala tusiwadanganye wengine.

Jambo hili si dogo. Kwa namba hizo watu hudai shule, viwanja vya ibada, hata vyeo. Tanzania iliuliza dini katika hesabu ya watu ya mwaka 1967, na katika hesabu zilizofuata haikuuliza tena. Nigeria iliuliza mwaka 1963, lakini mwaka 1991 na 2006 swali hilo liliachwa. Swali ambalo serikali huona heri kuliacha si swali la mchezo.

Mambo matatu katika neno moja

Kwanza lazima tujue tunapima nini. Neno "dini" lina mambo matatu ndani yake. La kwanza ni jina: mtu hujiita Mkatoliki, Mwanglikana au Mwislamu, au husema hana dini. La pili ni matendo: huenda kusali, hufunga, hutoa sadaka. La tatu ni imani: yale anayoyasadiki moyoni.

Mambo haya hayaendi pamoja siku zote. Bibi yangu ana jina la ubatizo na hakosi kanisani Jumapili, lakini mtoto akiugua usiku, hutaka wazee waliokufa nao waambiwe. Ukimwuliza jina la dini yake utapata jibu moja. Ukimwuliza anamtegemea nani usiku ule, utapata jibu jingine. Yote mawili ni kweli.

Njia ya kwanza: kumwuliza kila mtu

Hii ndiyo hesabu ya watu, yaani sensa. Karani hupita nyumba kwa nyumba na kuandika majibu. Hapa Uganda hesabu ya mwaka 2002 ilionyesha kwamba katika kila watu 100, karibu 42 walikuwa Wakatoliki, 36 Waanglikana, 12 Waislamu, na kama 5 Wapentekoste. Mwaka 2014 Wakatoliki walikuwa 39, Waanglikana 32, Waislamu karibu 14, na Wapentekoste pamoja na walokole 11.

Uzuri wa njia hii ni kwamba kila kijiji hufikiwa. Lakini ina udhaifu. Mara nyingi mkuu wa nyumba huwajibia wote. Mimi nina umri wa miaka 19, na vijana wa rika langu waweza kuandikwa kwa dini ya baba zao, hata kama wamekwisha kufuata njia nyingine. Kijana aliyebadili dini kimya kimya hawezi kulitamka jambo hilo mbele ya baba yake na karani mgeni. Katika kitabu cha hesabu kijana huyo hayupo.

Tena maneno nayo hubadilika. Uamsho wa walokole ulienea katika miaka ya 1930 ndani ya Kanisa la Anglikana, na mlokole wa siku zile alibaki Mwanglikana. Siku hizi watu wa makanisa ya Kipentekoste nao huitwa walokole. Basi mzee akisema, "Mimi ni mlokole," karani amwandike wapi?

Swali hutengeneza jibu

Tazama mfano wa mbali kidogo. Mwaka 2001 watu wa Uingereza na Wales waliulizwa, "Dini yako ni nini?" Swali hili limekwisha kudhani kwamba mtu anayo dini. Katika kila watu 100, karibu 72 walijibu kwamba ni Wakristo, na karibu 15 kwamba hawana dini. Wengine kama 390,000 waliandika "Jedi", jina la mashujaa wa sinema! Mwaka huo huo watu wa Uskoti waliulizwa ni dini gani au dhehebu gani ambalo wao ni watu wake, na zaidi ya 27 katika 100 wakasema hawana. Watu wa nchi hizo hawafanani kwa kila jambo, lakini swali nalo lilikuwa na mkono wake.

Ushahidi mwingine ni huu. Hesabu ya mwaka 2011 ya Uingereza na Wales ilipata watu 25 katika 100 wasio na dini. Mwaka huo huo kulikuwa na uchunguzi uitwao British Social Attitudes, ulioanza kwa kuuliza kama mtu anajiona kuwa wa dini yoyote. Huo ulipata karibu nusu ya watu hawana. Ni mwaka mmoja, na karibu watu wale wale, ila mlango wa swali ni mwingine.

Hata hivyo, swali likirudiwa bila kubadilishwa, huonyesha mwendo wa mambo. Wale Wakristo 72 wa mwaka 2001 walikuwa 59 mwaka 2011, na 46 mwaka 2021. Mwendo huo hauwezi kuwa kazi ya swali peke yake, maana swali lilikuwa lile lile.

Njia ya pili: kuuliza wachache

Mnunuzi wa mahindi hamwagi gunia zima chini ili ajue kama ni mazuri. Huchoma bambo ndani ya gunia, juu, katikati na chini, akatazama punje zinazotoka. Wachunguzi hufanya vivyo hivyo kwa taifa. Huchagua sehemu za nchi kwa kura, kisha nyumba kwa kura, kisha mtu mmoja katika nyumba kwa kura. Hawamchukui yule aliyefungua mlango, kwa maana wanaoshinda nyumbani hawafanani na wanaoshinda shambani au kazini.

Kura ikipigwa kwa haki, watu 1,000 hutosha kukisia taifa kubwa, na kosa la bahati huwa kama 3 juu au chini katika kila 100. Ukitaka kosa hilo lipungue nusu, lazima uulize watu 4,000. Lakini ukiwauliza watu hata laki moja nje ya kanisa lako, utajua habari za kanisa lako tu. Wingi wa watu hauponyi uchaguzi mbaya.

Kwa kuwa watu ni wachache, karani hupata nafasi ya kuuliza maswali mengi, hata ya imani. Kati ya Desemba 2008 na Aprili 2009 shirika la Marekani liitwalo Pew liliuliza watu zaidi ya 25,000 katika nchi 19 za Afrika. Karibu wote walijitaja kuwa Wakristo au Waislamu. Hata hivyo, katika nchi nne, yaani Tanzania, Mali, Senegal na Afrika Kusini, zaidi ya nusu walisema wanaamini kwamba sadaka kwa mizimu au mababu yaweza kumkinga mtu na madhara. Kumbe bibi yangu ana wenzake wengi.

Njia ya tatu: kuhesabu matendo

Jumapili ya tarehe 30 Machi 1851, serikali ya Uingereza ilitaka makanisa yote yahesabu waliohudhuria. Mahudhurio yalikuwa karibu milioni 11, na watu wa nchi karibu milioni 18. Lakini aliyekwenda asubuhi na jioni alihesabiwa mara mbili, kwa hiyo msimamizi wa kazi ile, Horace Mann, alilazimika kukisia idadi ya watu wenyewe.

Je, si rahisi kuwauliza watu kama walikwenda? Mwaka 1993 wataalamu watatu wa Marekani walitangaza kazi waliyoifanya katika wilaya moja ya jimbo la Ohio. Walitafuta makanisa yote, hata yasiyoandikwa popote, wakakusanya hesabu za mahudhurio. Penginepo walihesabu motokaa zilizosimama nje. Waprotestanti waliohudhuria walikuwa kama nusu tu ya wale waliosema wanahudhuria. Si lazima tuwaite waongo. Mtu akiulizwa kama huenda kanisani, husikia anaulizwa kama ni mtu mwema, akajibu hilo. Ndiyo sababu wengine sasa huuliza tu, "Jumapili ulifanya nini tangu asubuhi?" bila kutaja kanisa, na wanaosema walikwenda hupungua.

Tufanye nini?

Kila uonapo namba ya dini, uliza mambo manne. Nani aliulizwa, na alichaguliwaje? Swali lilisema nini? Nani alijibu, mtu mwenyewe au mkuu wa nyumba? Na kilichopimwa ni jina, matendo, au imani? Namba isiyojibu maswali hayo usiisimamie katika mdahalo.

Nyumba njema si mlango. Karani huishia mlangoni, akaandika alichoambiwa, na kazi yake ni ya maana kwa sababu taifa lazima lijijue. Ila sisi tusomao tukumbuke kwamba nyuma ya kila namba yuko kijana aliyenyamaza na bibi mwenye majibu mawili. Tukilikumbuka hilo, hatutapigana na jirani kwa ajili ya 39 na 32.